Kati ya viti 76 na viti 132: kwa nini pangaboi kubwa haijazaliwa

Ukitazama ndege za Air Tanzania zinazofanya safari za ndani, utaona pengo moja la ajabu. Kuna De Havilland Dash 8-400, ile ambayo Watanzania wote tunaiita Bombardier, yenye viti 76. Halafu kuna Airbus A220-300 yenye viti 132. Katikati hapo hakuna kitu. Precision Air, shirika lililoanzia hapa hapa Arusha mwaka 1993, nalo linaishia kwenye ATR 72, ambayo kwa kawaida hubeba abiria 70 hivi. Jirani zetu Kenya Airways wana Embraer 190 za viti 96, ila hizo ni jeti, na hesabu zake ni za jeti.

Kwa mtu wa Arusha au Moshi pengo hilo ni jambo la kila siku. Njia ya Dar es Salaam–KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) siku ya kawaida inatoshwa na pangaboi, yaani ndege ya mapanga kama Dash 8 au ATR. Ikifika wiki ya Krismasi, watu wa Kilimanjaro wanapopanda nyumbani, pangaboi haitoshi hata kidogo na nauli zinapaa. Kwa hiyo wakati mmoja jeti inaondoka na viti vitupu, wakati mwingine pangaboi inaacha watu. Swali linalojitokeza lenyewe ni hili: kwa nini hakuna anayetengeneza ndege ya pangaboi ya viti 90 au 100?

Watu wengi wenye fedha na akili wamejiuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 20. Wengine walichora ndege hiyo, wakaonyesha picha zake kwenye maonyesho, kisha wakanyamaza. Si kwamba wahandisi walishindwa kuielewa. Fundo liko kwenye injini, na kwenye mifuko ya wale wanaoweza kuilipia. Lakini ili fundo hilo lionekane vizuri, lazima tuanze na pangaboi lenyewe.

Jeti iliyofichwa

Abiria wengi huamini kwamba ndege ya pangaboi ni teknolojia ya zamani na jeti ni ya kisasa. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ATR 42 ilitumbukia Ziwa Victoria na watu 19 wakapoteza maisha, iliongeza hofu hiyo, na hofu ya watu waliofiwa ni ya kuheshimiwa. Lakini kuhusu injini yenyewe, imani hiyo si sahihi. Ndani ya injini iliyo chini ya bawa la ATR kuna injini ya jeti kamili. Hewa inavutwa, inabanwa, inachanganywa na mafuta, inawaka, na gesi yake ya moto inazungusha turbini. Tofauti ni kazi inayofanywa na turbini hiyo. Kwenye ndege hizi, ambazo kitaalamu huitwa turbopropu, karibu nguvu yote hupelekwa kwenye giaboksi, nayo hupunguza mizunguko kutoka maelfu mengi kwa dakika hadi 1,200 tu. Giaboksi ndiyo inayozungusha pangaboi.

Faida ya mpango huo iko kwenye hesabu ya darasani. Ndege husogea mbele kwa kusukuma hewa nyuma. Msukumo ni uzito wa hewa mara kasi unayoipa. Nishati inayoachwa nyuma kwenye hewa hiyo, yaani mafuta uliyochoma yakaishia kuvuruga anga tu, ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena. Sasa chukua hewa mara mbili zaidi, uipe kasi nusu. Msukumo unabaki uleule, lakini nishati inayopotea inashuka hadi nusu. Pangaboi la ATR 72 lina kipenyo cha karibu mita 4, hivyo linashika hewa nyingi sana na kuisukuma taratibu. Ndiyo sababu watengenezaji hudai kwamba kwenye safari fupi turbopropu huchoma mafuta pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko jeti ndogo ya ukubwa unaofanana. Hata ukiipunguza asilimia hiyo kwa kuwa anayeitaja ni muuzaji, faida inayobaki ni kubwa.

Kipo kikomo lakini, na kikomo hicho kiko kwenye ncha ya panga. Pangaboi la kipenyo cha mita 3.93 lina mzingo wa mita 12 na zaidi kidogo. Linapozunguka mara 1,200 kwa dakika wakati wa kuruka, ncha yake inapita mita 247 kila sekunde, sawa na karibu kilomita 890 kwa saa, na hapo ndege yenyewe bado haijasogea. Ndege ikianza kukimbia, mwendo wake unajumlishwa kwenye ule wa ncha. Ncha ikikaribia kasi ya sauti, hewa inagoma: mawimbi ya mshtuko yanajitokeza kwenye panga, kelele inapanda, na faida ya mafuta inayeyuka. Abiria wa ATR atakuwa amesikia sauti ya injini ikibadilika dakika chache baada ya kuruka. Hapo mizunguko ya pangaboi imepunguzwa kwa ajili ya safari ya angani.

Kwa hiyo kila mtengenezaji anayetaka pangaboi kubwa anabanwa pande mbili. Ndege nzito inataka msukumo zaidi, na msukumo zaidi unataka pangaboi pana zaidi au linalozunguka kwa nguvu zaidi, na vyote viwili vinaipeleka ncha karibu na kasi ya sauti. Njia ya kutokea ni kuongeza idadi ya mapanga na kuyapinda. Ndiyo maana ATR ya sasa ina mapanga sita kwenye kila injini wakati zile za mwanzo zilikuwa na manne.

Zilikuwepo

Jambo linalosahauliwa ni kwamba pangaboi kubwa za abiria zimewahi kuruka. Vickers Vanguard ya Uingereza ya mwaka 1959 ilibeba hadi abiria 139. Tupolev Tu-114 ya Wasovieti, iliyoruka mara ya kwanza 1957, iliweza kubeba zaidi ya watu 200 na ilikuwa na kasi ya kukaribiana na jeti, kwa gharama ya kelele kubwa mno. Marekani walikuwa na Lockheed Electra ya viti karibu 100, ukubwa uleule tunaoutafuta leo.

Kisa cha Electra kinafaa kusimuliwa kwa sababu kinaonyesha hatari ambayo mhandisi wa leo bado anaiwazia. Septemba 1959 Electra moja ilivunjika hewani Texas. Machi 1960 nyingine ikavunjika Indiana. Uchunguzi uligundua kwamba vishikio vya injini vilipolegea, pangaboi lilianza kuyumba kwa mzunguko, na myumbo huo ukakutana na mtikisiko wa asili wa bawa hadi bawa likang'oka. Kadiri pangaboi linavyokuwa kubwa na injini inavyokuwa na nguvu, ndivyo mazungumzo hayo kati ya panga, kishikio na bawa yanavyokuwa mazito. Lockheed walizirekebisha, na Electra zilizobaki zikaruka salama kwa miongo mingi, ila biashara ilikuwa imeshahamia kwenye jeti. Mafuta yalikuwa rahisi wakati ule, na abiria walitaka kasi.

Kwetu pangaboi zilibaki ndogo. East African Airways walitumia Fokker F27 zenye abiria kati ya 40 na 50, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 Air Tanzania mpya iliendelea na aina hiyohiyo kwa muda mrefu. Wazee waliosafiri nazo bado wanakumbuka madirisha makubwa ya mviringo na bawa lililokaa juu, lisilomzuia mtu kuutazama mlima.

Kwa nini wasiirefushe tu ATR?

Swali hili huulizwa na kila mtu, na ni swali zuri, kwa sababu ndivyo ndege nyingi zinavyokua. Unakata mwili, unaongeza kipande mbele ya bawa na kingine nyuma, unapata safu nne zaidi. ATR 72 yenyewe ilizaliwa hivyo, kutokana na ATR 42 iliyoruka mara ya kwanza 1984.

Shida ni kwamba mwili wa ATR una viti viwili kila upande wa njia. Ukitaka viti 92 unahitaji safu 23, na ndege inakuwa ndefu na nyembamba. Dash 8-400 imeshafika huko: ina urefu wa karibu mita 33, na marubani wake hufundishwa kuwa makini na pembe ya kunyanyua pua, kwa sababu mkia uko nyuma sana na unaweza kugusa lami wakati wa kuruka au kutua. Ukiirefusha zaidi, lazima magurudumu yawe marefu zaidi ili mkia usiguse. Na magurudumu marefu yana visa vyake. Kwenye Dash 8 magurudumu makuu yamewekwa kwenye nyumba za injini chini ya bawa la juu, hivyo miguu ni mirefu na yenye viungo vingi. Mwaka 2007, katika muda usiozidi miezi miwili, Dash 8-400 tatu za shirika la SAS la Skandinavia zilipata ajali za magurudumu wakati wa kutua. SAS ikaziondoa zote kazini moja kwa moja.

Ungeweza kuamua kuweka viti vitano kwa safu, vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine. Ndege inakuwa fupi na nene, mizigo inapata nafasi, abiria anapumua. Lakini hapo hujarefusha tena. Umetengeneza mwili mpya, na mwili mpya mzito unataka bawa jipya, na bawa jipya linataka injini mpya, na yote pamoja yanataka cheti kipya kutoka kwa mamlaka za usalama wa anga. Bili inahama kutoka ile ya marekebisho hadi ile ya ndege nzima.

Wako waliojaribu njia ya mkato. Mwaka 2018 Dash 8-400 ilipata kibali cha kubeba abiria 90 ndani ya mwili uleule, kwa kusogeza viti na kubana jiko na vyoo. SpiceJet ya India iliichukua. Kwa safari ya dakika 50 inavumilika. Lakini mtalii aliyeshuka Kilimanjaro akiwa na begi la kilo 23, fimbo na viatu vya mlimani anahitaji nafasi ya mizigo kabla hata ya nafasi ya magoti, na hapo ndipo hesabu ya viti 90 inapokwama.

Fundo lenyewe ni injini

Injini za ATR 72 zina nguvu farasi zipatazo 2,750 kila moja zikisukumwa hadi kikomo. Za Dash 8-400, ziitwazo PW150A, zina zaidi ya 5,000. Tofauti ya abiria kati ya ndege hizo mbili haifiki kumi. Nguvu hizo zote za ziada zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye kasi. ATR husafiri kwa kilomita 500 hivi kwa saa, Dash 8-400 hufika 667. Nguvu inayohitajika kupasua hewa hupanda haraka kuliko kasi yenyewe, hivyo asilimia 30 ya mwendo imekula karibu nguvu mara mbili.

Angalia maana ya kasi hiyo kwetu. Kutoka KIA hadi Dar ni takribani kilomita 450 kwa mstari ulionyooka. Kwa kasi ya ATR ni dakika 54, kwa Dash 8-400 ni dakika 40, kwa jeti inayokwenda kilomita 830 kwa saa ni dakika 32 au 33. Hiyo ni kana kwamba ndege inaruka kwa kasi kamili tangu inapoacha lami. Kwa kweli sehemu kubwa ya safari fupi ni kupanda, kushuka na kutembea ardhini, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo zaidi. Binafsi naona kwa safari kama hii kukimbilia kasi ni kupoteza mafuta. Pangaboi la viti 90 lenye mwendo wa wastani lingemtosha kabisa abiria wa KIA.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipo. Ndege ya viti 90 hadi 100 yenye mwendo wa wastani ingehitaji injini iliyo kati ya hizo mbili, na kama itataka kwenda mbio, injini yenye nguvu zaidi ya PW150A. Injini mpya ya daraja hilo haipo. PW150A yenyewe ni ya miaka ya 1990. Familia nzima ya injini zinazobeba ATR na Dash 8 inatoka kwa mtengenezaji mmoja, Pratt & Whitney Canada, na mizizi yake ni ya miaka ya 1980. Zimeboreshwa sana. Ile iitwayo PW127XT, iliyotangazwa 2021 kwa ajili ya ATR, inapunguza mafuta kwa asilimia 3 na kukaa muda mrefu zaidi kwenye bawa kabla ya matengenezo makubwa. Hata hivyo, hakuna anayewekeza mabilioni ya dola kwenye ndege mpya ili apate nafuu ya asilimia 3. Watengenezaji walitaka injini inayookoa kiasi cha asilimia 15 hadi 20, na hiyo ni injini mpya kuanzia karatasi nyeupe.

Miaka ya kuzunguka 2010 Pratt & Whitney Canada na General Electric walikuwa wakizifanyia kazi injini za namna hiyo. Kila mmoja alisubiri mtu wa ndege ajitokeze. Mtu wa ndege naye akasubiri injini iwepo. Mmoja hawezi kutangulia bila mwenzake, kwa sababu injini isiyo na ndege haiuzwi na ndege isiyo na injini hairuki.

China walionja uchungu wa upande huo. Mradi wao wa MA700, turbopropu ya viti 78, ulichaguliwa kutumia toleo la PW150, kisha ukakwama kwa sababu ya kibali cha kusafirisha injini hizo kutoka Kanada. Indonesia walifika mbali kuliko wengi: N-250 yao iliruka Agosti 1995 na nchi nzima ikashangilia, lakini mgogoro wa fedha wa 1997 na 1998 ukaizika kabla haijauzwa. Huwa naufikiria mradi huo kila ninaposikia mtu akisema nchi kama zetu haziwezi kutengeneza ndege. Wao waliitengeneza. Kilichokatika ni fedha, ndege ikiwa tayari inaruka.

Nani alipe?

ATR inamilikiwa nusu kwa nusu na Airbus na Leonardo ya Italia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 uongozi wa ATR ulisema wazi kwamba unataka kujenga ndege ya viti 90. Waitalia waliunga mkono. Airbus walikataa kutoa fedha, wakisema ATR zilizopo zinauzika vizuri na wahandisi wanahitajika kwingine. Baadaye Airbus wakaichukua pia familia ya A220. Kwa mtazamo wa biashara siwalaumu: ukimiliki nusu ya pangaboi inayoongoza sokoni, na pia ukawa na jeti ya viti 130, huna haraka ya kutengeneza ndege ya katikati itakayozila zote mbili.

Bombardier, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikitengeneza Dash 8, nao walizungumzia Dash 8 ndefu zaidi, wakaiacha, kisha wakauza mradi mzima mwaka 2019. De Havilland Canada walioununua wakasimamisha utengenezaji mwaka 2021. Kwa hiyo Bombardier zinazotua kwetu ni ndege ambazo kwa sasa hazitengenezwi upya, na kila shirika linalozitumia linapaswa kulifikiria hilo linapopanga vipuri vya miaka kumi ijayo.

Tumaini kubwa la mwisho lilitoka Brazil. Mwaka 2021 Embraer walionyesha mchoro wa turbopropu mpya kabisa ya viti 70 hadi 90, injini zake zikiwa nyuma karibu na mkia badala ya kwenye mabawa. Mantiki yake ilinivutia sana. Pangaboi likiwa nyuma, kelele inabaki nyuma ya abiria, bawa linaweza kukaa chini, na magurudumu yanakuwa mafupi na rahisi. Mwili ungetokana na ule wa jeti zao ndogo. Walipanga ianze kazi karibu mwaka 2028. Desemba 2022 wakatangaza kuusimamisha mradi, kwa sababu wasambazaji, wa injini wakiwemo, hawakuweza kutoa walichohitaji kwa masharti yanayolipa.

Soko lenyewe pia lina mlango uliofungwa. Marekani, ambako ndege za mikoani ni nyingi kuliko kwingine, mikataba kati ya mashirika makubwa na vyama vya marubani huzuia ndege za mashirika tanzu kuzidi viti 76. Ndege ya viti 90 haina nafasi hapo. Zinabaki Asia, Amerika Kusini, visiwa vya Pasifiki, Ulaya kidogo, na Afrika. Sisi wa Afrika tunaihitaji zaidi, lakini tunanunua mbili mbili, mara nyingi zilizotumika, na mara nyingi kwa kukodi. Mtengenezaji anahitaji oda za mamia ndipo benki imsikilize.

Hesabu ya kiti

Kwa nini basi niendelee kuamini kwamba ndege hii inastahili kuwepo? Kwa sababu ya gharama ya kila kiti. Barabara ya Arusha–Moshi inatuonyesha hilo kila asubuhi: Noah inajaa haraka na kuondoka, ila mafuta na dereva vinagawanywa kwa vichwa vichache; basi kubwa lina dereva mmoja vilevile kwa watu sitini, lakini lazima lipate watu sitini. Ndege ni hivyohivyo. Marubani ni wawili, kwa viti 70 na kwa viti 100. Kanuni ya nchi nyingi hutaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, maana yake ndege ya viti 76 inahitaji wahudumu wawili, na ya viti 100 inahitaji wawili vilevile. Viti 24 vya ziada vinakuja bila mshahara mmoja wa ziada angani. Ukifika viti 101 tu, unamlipa wa tatu. Wachoraji wa ndege wanaijua namba hiyo vizuri, na ndiyo maana michoro mingi huishia 90 au 100.

Upande wa pili wa hesabu ni idadi ya safari. Shirika lenye ndege kubwa moja hupunguza safari, na mfanyabiashara wa Arusha aliyezoea kwenda Dar asubuhi na kurudi jioni anapoteza siku. Kwa hiyo sisemi pangaboi kubwa ichukue nafasi ya ATR. Ichukue nafasi ya jeti kwenye safari ambazo jeti haipati muda wa kufika juu kabla haijaanza kushuka. Na kuna funzo la tahadhari pia: mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuziegesha baadhi ya A220 kwa sababu ya matatizo ya injini zake, ambazo zilikuwa za kizazi kipya. Injini mpya ikija na kasoro za utotoni, anayeumia kwanza ni shirika lenye ndege chache.

Kisongo

KIA ina njia ya kurukia ya urefu wa kilomita 3.6, na kwa ukubwa tunaouzungumzia hapa haina wasiwasi. Mtihani wa kweli ni uwanja wa Arusha pale Kisongo, kwa sababu uko karibu na mji, na ndiko kunakoanzia safari nyingi za kwenda Serengeti na Zanzibar.

Kisongo uko mita karibu 1,390 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi joto 25, hewa ya pale ni nyepesi kwa takribani asilimia 18 kuliko hewa ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Bawa linapata hewa pungufu ya kulibeba, pangaboi linapata hewa pungufu ya kusukuma, na injini inapata hewa pungufu ya kuchomea mafuta. Kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwenye vitabu, ATR 72 iliyojaa huhitaji mita 1,300 na kitu usawa wa bahari. Kisongo mita hizo zinaongezeka, na njia yenyewe haifiki kilomita mbili. Na urefu wa njia haupimwi kwa ndege inayoruka vizuri tu. Unapimwa kwa injini moja kuzimika katika dakika mbaya kuliko zote: rubani awe na nafasi ya kusimama kabla lami haijaisha, au aweze kuendelea na injini moja na kupanda. Nafasi isipotosha, abiria au mizigo hupunguzwa kabla ya kuondoka.

Ndege ya viti 90 itakayotufaa, basi, inabidi iwe na bawa kubwa kuliko inavyohitaji angani, na injini yenye akiba ya nguvu kwa ajili ya hewa nyepesi. Vyote viwili huongeza uzito na bei, na mteja wa Ulaya mwenye viwanja vya usawa wa bahari hatataka kuvilipia. ATR walikuwa na mpango wa ATR 42 maalumu kwa njia fupi, wakaufuta mwaka 2024 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Mpango wao mwingine wa ndege ya kizazi kipya, uliotangazwa 2022, nao ulibaki kwenye ukubwa uleule wa sasa.

Kwa hiyo mtengenezaji mwingine akionyesha picha ya pangaboi la viti 90, maswali ambayo mashirika yetu na mamlaka zetu za viwanja wanapaswa kumuuliza ni mawili, kabla ya rangi na viti. Injini ni ya nani, na imeshawashwa kwenye jukwaa la majaribio au bado iko kwenye kompyuta? Na ikiwa imejaa abiria na mabegi yao, injini moja imezimika, saa nane mchana mwezi wa Februari, inahitaji mita ngapi Kisongo?